Una deni la zamani la kadi na unataka nyumba Marekani? Anzia hapa

Januari 2023, hapa Houston, ofisa mikopo alinipigia simu nikiwa kwenye maegesho ya magari kazini. Hatukuzungumza hata dakika nne. Kipato kilitosha, muda niliokaa kazini ulitosha, ila kwenye ripoti yangu ya mikopo kulikuwa na deni la dola 2,640 la kadi ya mkopo niliyoiacha mwaka 2019, nilipokwenda Tanga kumuuguza baba nikakaa miezi saba. Kikomo cha kadi yenyewe kilikuwa dola 1,800. Zilizobaki ni riba na faini. Nilikuwa nimeisahau kabisa.

Jioni nikamweleza shangazi kwa simu. "Mwanangu, dawa ya deni ni kulipa. Lipa ulale," akaniambia. Kesho yake nikawapigia waliokuwa wananidai, na kama simu isingekatika wakati namsomea yule kijana namba za kadi yangu ya benki, ningelipa zote 2,640 pale pale. Leo naushukuru ule mtandao mbovu. Shangazi hakukosea, lakini dawa ina dozi na ina saa zake. Deni la aina hii ukilimeza ovyo, unaweza kulilipa na nyumba ukaikosa.

Mimi si mwanasheria wala sifanyi kazi benki. Nimeipita njia hii, na baadaye nimekaa mezani na watu kadhaa tukisoma ripoti zao. Ninayoeleza hapa ni ya Marekani tu, na nimeyapanga kwa mfuatano ambao mimi mwenyewe ningependa kuambiwa siku ile.

Deni "lililofutwa" halijafutwa

Kwenye ripoti utakuta maneno "charge off". Wengi wetu tukiyatafsiri kichwani tunasoma "limesamehewa". Sivyo. Kadi ikikaa siku 180 bila kulipwa, benki inatakiwa na wasimamizi wake iache kulihesabu deni hilo kama mali na kuliandika kuwa hasara. Ni mambo ya uhasibu wao. Mwenye duka Kariakoo akiandika kwenye daftari kwamba fulani ameshindikana, fulani bado anadaiwa.

Baada ya hapo benki hulishikilia deni yenyewe, au hulikabidhi kwa wakala wa kukusanya madeni, au huliuza moja kwa moja. Mwaka 2013 tume ya serikali inayolinda walaji, FTC, ilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba wanunuzi wakubwa walikuwa wakilipa wastani wa senti 4 kwa kila dola ya deni. Ishike hiyo namba, itakufaa ukifika kwenye mapatano.

Kwa ndugu zangu Wakenya: msitegemee kitu kama cheti cha CRB, ofisi ya taarifa za mikopo, cha kuonyesha umesafishwa. Huku hakuna. Kuna ripoti tatu, na barua utakazotunza mwenyewe.

Hatua ya 1: Chukua ripoti zote tatu, kalamu mkononi

Mashirika yanayotunza taarifa za mikopo ni Equifax, Experian na TransUnion. Mahali palipowekwa kwa sheria pa kuzipata bure ni annualcreditreport.com, na siku hizi unaruhusiwa kuzichukua kila wiki. Tovuti zenye majina yanayofanana na hilo na zinazokuomba namba ya kadi ya benki, achana nazo. Programu za simu zinazoonyesha bure alama zako za ukopaji, zile namba ambazo benki hukupimia, si mbaya, lakini alama zake mara nyingi si zile atakazoziona ofisa mikopo, na hazikupi ripoti kwa undani unaouhitaji.

Chapisha ripoti, usisomee kwenye simu. Kwa kila deni la zamani, tafuta mambo manne na uyaandike pembeni:

- nani analishikilia leo: benki ya awali, wakala, au mnunuzi;
- salio linaloonyeshwa;
- tarehe uliyoruka malipo kwa mara ya kwanza na hukuwahi kurudi sawa tena;
- kama deni hilohilo limeandikwa zaidi ya mara moja.

La nne ndilo lililoniokoa mimi. Kwenye ripoti mbili kati ya tatu, benki yangu ya zamani ilionyesha nadaiwa 2,640, na chini kidogo kampuni iliyolinunua deni nayo ilionyesha 2,640. Machoni pa anayepima maombi, mimi ni mtu wa madeni mawili, dola 5,280. Benki ikishauza deni, mstari wake unapaswa kusoma salio sifuri na kueleza kwamba deni limeuzwa. Anayeruhusiwa kuonyesha salio ni mmoja tu.

Hatua ya 2: Hakikisha hukushtakiwa bila kujua

Watu wengi huiruka hatua hii, na kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote. Wewe ulihama fleti, au ulikwenda nyumbani mwaka mzima, na karatasi za mahakama zikapelekwa anwani ya zamani. Hukufika, hukujibu, hakimu akampa mdai ushindi. Deni la kadi likishageuka hukumu ya mahakama, linakuwa mnyama mwingine kabisa: linaweza kuzuia nyumba isihamie jina lako ikiwa safi, na kwenye majimbo mengi linaweza kukatwa kwenye mshahara, hadi asilimia 25 ya kinachobaki baada ya makato ya kisheria. Texas hawaruhusu mshahara ukatwe kwa deni la kadi, lakini akaunti ya benki inaweza kuguswa.

Tena, usijidanganye kwamba ingekuwepo ungeiona kwenye ripoti. Tangu Julai 2017 mashirika yale matatu yaliacha kuweka hukumu za madai. Benki hukuta hukumu kwa kupekua kumbukumbu za mahakama, na wanaokagua hati ya nyumba hukuta tena. Isitoshe, fomu ya maombi ya mkopo wa nyumba inakuuliza wazi kama una hukumu ambayo haijalipwa, na kuandika uongo humo ni kosa la jinai.

Kwa hiyo ingia tovuti ya mahakama ya kaunti unayoishi, na ya kila kaunti uliyowahi kuishi tangu deni lianze. Andika jina lako kwa kila namna lililowahi kuandikwa. Sisi majina yetu huku huzungushwa: la babu linawekwa katikati, Mohamed inakuwa Mohammed, herufi inadondoka. Tafuta yote. Ukiikuta hukumu, kabla ya kulipa chochote zungumza na ofisi ya msaada wa kisheria ya eneo lako. Kama kweli hukupewa taarifa ya kesi, kuna uwezekano wa kuomba hukumu itenguliwe. Na kama kesi ndiyo kwanza imefunguliwa, jibu ndani ya siku zilizoandikwa kwenye karatasi. Wadai wa aina hii hushinda kesi nyingi kwa sababu tu upande wa pili haukutokea.

Hatua ya 3: Kuna saa mbili, usizichanganye

Watu wakibishana msikitini au kwenye baraza la kahawa kuhusu "miaka saba", kwa kawaida mmoja anazungumzia saa hii na mwenzake ile.

Saa ya kwanza ni ya ripoti. Sheria ya taarifa za mikopo ya mwaka 1970 inaruhusu deni kama hili likae kwenye ripoti miaka 7, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa baada ya siku 180 tangu uliporuka malipo. Kwa kawaida mashirika huliondoa miaka 7 ikitimia tangu kuruka kule kwa kwanza. Saa hii hairudishwi nyuma. Ukilipa haianzi upya, deni likiuzwa mara tatu haianzi upya. Mnunuzi akiandika tarehe mpya ili deni lionekane changa, amevunja sheria, nawe una haki ya kupinga.

Saa ya pili ni ya mahakama: ukomo wa muda wa kukushtaki. Hii hutegemea jimbo. Texas na California ni miaka 4. New York, tangu Aprili 2022, ni miaka 3. Minnesota, ambako wenzetu wengi wanaishi, ni miaka 6. Na hapa ndipo shimo lilipo: kwenye majimbo mengi, ukilipa hata dola 20, au ukikiri deni kwa maandishi, saa hii inaweza kuanza upya. Texas ilibadilisha hilo kwa sehemu kuanzia Septemba 2019, kwamba malipo hayafufui deni lililokwisha muda ambalo liko mikononi mwa mnunuzi wa madeni. Usidhani jimbo lako lina huruma hiyo mpaka umehakikisha.

Tangu tarehe 30 Novemba 2021, kanuni za serikali kuu zinawakataza wakusanya madeni kukushtaki, au kukutishia kukushtaki, kwa deni lililopita ukomo wa muda. Kukupigia na kukuomba ulipe bado wanaruhusiwa. Kwa hiyo yule kijana mwenye sauti laini anayesema "tuma dola 20 tu leo kuonyesha nia njema" huenda anaomba kitu kikubwa kuliko dola 20.

Yangu ilikuwa hivi: niliruka malipo Aprili 2019. Januari 2023 nilikuwa bado ndani ya miaka 4 ya Texas kwa miezi mitatu, na kwenye ripoti deni lilikuwa na miaka mitatu na zaidi ya kukaa. Kungoja lianguke lenyewe maana yake ningeendelea kupanga mpaka 2026. Chora mstari kama huo kwenye karatasi, uweke tarehe zako. Deni lililobakiza miezi mitano kuondoka kwenye ripoti halishughulikiwi kama lililobakiza miaka minne.

Hatua ya 4: Jua ni mkopo gani unaoutafuta, maana masharti hayafanani

Muulize ofisa mikopo mapema: "Nikiomba leo, deni hili mtanitaka nilimalize, au mtalihesabu kwenye madeni yangu ya kila mwezi, au mtaliacha?" Usikubali jibu la "tutaona".

Kwa mkopo wenye dhamana ya FHA, idara ya serikali kuu inayodhamini mikopo ya nyumba, ambao ndio wengi wetu tunaanzia, deni ambalo benki ya awali imeliandika kuwa hasara halihesabiwi kwenye madeni yako ya mwezi. Maombi yakipitiwa na mtu badala ya kompyuta, utatakiwa kuandika barua ya maelezo. Lakini deni lililo mikononi mwa wakusanyaji lina hesabu yake. Jumla ya madeni ya namna hiyo ikifika dola 2,000, ukiacha ya hospitali, una njia tatu: kuyalipa kabla au siku ya kusaini, kuonyesha makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, au kukubali asilimia 5 ya salio ihesabiwe kama deni la kila mwezi. Kwangu asilimia 5 ya 2,640 ilikuwa dola 132 kwa mwezi, karibu sawa na kuwa na mkopo wa pikipiki. Hukumu ya mahakama ni lazima imalizwe, au uwe na makubaliano ya malipo ambayo umeshayatekeleza kwa angalau miezi mitatu.

Kwa mikopo ya kawaida inayofuata kanuni za Fannie Mae, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, ukinunua nyumba ya familia moja ya kuishi mwenyewe, hulazimiki kumaliza madeni haya hata yawe makubwa kiasi gani. Ukinunua nyumba ya milango miwili hadi minne ili upangishe mingine, yakizidi jumla ya dola 5,000 lazima yaishe. Nyumba ya kupangisha tu, usiyoishi mwenyewe, ni ngumu zaidi: deni moja la kuanzia dola 250, au jumla inayozidi 1,000, lazima lilipwe. Hizo ni kanuni za msingi. Benki yako inaweza kuongeza masharti yake juu.

Utaona sasa kwamba deni lilelile linaweza kuwa ukuta kwa mmoja na kwa mwenzake likawa kokoto tu.

Na kuna mtego wa wanandoa. "Basi aombe mke peke yake, yeye ripoti yake safi." Texas, California, Arizona na majimbo mengine ambako mali ya ndoa ni ya wote wawili, FHA huangalia pia madeni ya mwenzi asiyeomba. Tulijaribu. Ofisa alitabasamu kidogo, akaomba namba yangu ya hifadhi ya jamii.

Wanaokwepa riba na kwenda kwenye kampuni za musharaka au murabaha wasidhani wamepona. Nazo hufungua ripoti ileile na kuuliza maswali yaleyale.

Hatua ya 5: Pinga makosa kwanza, na umalize kupinga kabla ya kuomba

Deni limeandikwa mara mbili, tarehe imesogezwa, salio si lako, jina ni la mtu mwingine: pinga kwa maandishi kwa kila shirika ambalo kosa limo. Ambatisha nakala ya ukurasa wa ripoti uliozungushiwa kosa, nakala ya kitambulisho, na uthibitisho wa anwani. Tuma kwa barua ya rejista yenye risiti ya kupokelewa. Wana siku 30 kuchunguza, mara nyingine 45. Yangu ilijibiwa siku ya 24: mstari wa benki ya zamani ukasoma sifuri. Madeni yakabaki moja.

Kama mkusanya madeni ndiyo kwanza anakutafuta, anatakiwa akupe barua ya uthibitisho wa deni ndani ya siku tano tangu mawasiliano ya kwanza, nawe una siku 30 za kulikana au kumtaka athibitishe. Ukimwandikia ndani ya muda huo, lazima asimamishe kudai mpaka athibitishe.

Ila sikiliza: usipinge kila kitu ovyo kwa kuambiwa na mtu wa YouTube, na usiombe mkopo huku pingamizi likiwa wazi. Kwa FHA, madeni mabaya yenye pingamizi wazi yakifika jumla ya dola 1,000, maombi yako yanaondolewa kwenye kompyuta na kupelekwa kwa mtu ayapitie moja moja, kwa masharti magumu zaidi. Pinga la kweli, subiri jibu, hakikisha alama ya pingamizi imeondolewa, ndipo uende benki.

Hatua ya 6: Amua: kulipa lote, kupatana, au kuliacha

Huu ni uamuzi wako, lakini nitasema ninavyoona.

Kama kuna hukumu, liishe. Hapo sina ubishi. Kama benki uliyoichagua imesema kwa maandishi kwamba inataka limalizwe, vilevile.

Kama deni limepita ukomo wa muda, limebakiza miezi michache kuondoka kwenye ripoti, na mkopo unaoutaka haulihesabu, mimi ningelala nalo. Wapo watakaosema si uungwana, kwamba mwenye deni hata kaburini huulizwa. Sibishani nao, anayetaka kulipa kwa ajili ya dhamiri yake alipe, ila alipe baada ya kukabidhiwa funguo.

Hesabu pia kianzio chako. FHA inataka asilimia 3.5 kwa mwenye alama 580 kwenda juu, na asilimia 10 kwa mwenye 500 hadi 579. Kwa nyumba ya dola 250,000 ni tofauti ya 8,750 na 25,000. Usimwage akiba yote kwenye deni la zamani ukitarajia alama zipae. Matoleo ya alama ambayo kwa miaka mingi yametumika kwenye mikopo ya nyumba ni ya zamani, na hayo deni la wakusanyaji lililolipwa huendelea kulihesabu kama doa. Alama zinaweza hata kushuka kidogo mwanzoni, kwa sababu doa la zamani limeandikwa upya. Zinazopandisha alama ni kadi ndogo unayoilipa kila mwezi bila kukosa, na muda.

Mimi niliamua kupatana. Zile dola 132 za kila mwezi zilikuwa zinanipunguzia nyumba, na bado nilikuwa ndani ya muda wa kushtakiwa.

Hatua ya 7: Mapatano, na barua kabla ya pesa

Kwanza thibitisha kwamba anayedai ndiye mmiliki wa deni leo. Kisha weka pesa kando, kwa sababu punguzo kubwa hupewa anayelipa kwa mkupuo. Andika kwenye karatasi kiwango cha kuanzia na kiwango ambacho hutakivuka.

Nilianza na dola 650. Walitaka 2,100. Nikasema sina, nikawashukuru, nikakata simu. Baada ya siku tisa wakapiga wenyewe: 1,700, "mwisho leo saa kumi na moja jioni". Nikasema nitafikiri. Kila ofa waliyoniambia kwamba inaisha leo ilirudi wiki iliyofuata, na safari hii ikiwa ndogo. Tulikutana kwenye asilimia 45, yaani dola 1,188. Usiwaeleze kwamba unanunua nyumba. Ukishasema hivyo wanajua una haraka na una pesa.

Halafu nikawaambia: nitumieni barua kwanza. Mwanamke wa upande wa pili akasema barua hutoka baada ya malipo. Nikamjibu basi na malipo hutoka baada ya barua. Ilifika kwa posta baada ya siku sita. Nilikaa nayo jikoni nikiisoma mstari kwa mstari, nikitafuta haya: jina la benki ya awali, namba nne za mwisho za akaunti, kiasi tulichokubaliana, tarehe ya mwisho ya kulipa, sentensi inayosema wazi kwamba kiasi hicho kikipokelewa hakuna salio litakalodaiwa nao wala mtu mwingine, na ahadi ya kurekebisha ripoti kwenye mashirika yote matatu. Sentensi ya "mtu mwingine" haikuwemo. Nikairudisha. Ikaja ya pili, ikiwa nayo.

Omba pia waliondoe kabisa deni kwenye ripoti. Wanunuzi wengine hukubali, benki za awali ni nadra. Wakikataa, tofauti iliyopo ni kati ya "paid in full" (limelipwa lote) na "settled" (limemalizwa kwa mapatano), na kwa ofisa mikopo kinachotazamwa zaidi ni salio kusoma sifuri.

Lipa kwa hundi ya benki iliyotumwa kwa barua ya rejista. Usimpe mkusanya madeni namba za akaunti unayopokelea mshahara. Nimemwona mtu mmoja akikatwa mara mbili kwa mwezi mmoja, na kuirudisha ile ya pili kulimchukua wiki saba.

Pesa ya upatu, na jicho la benki

Hili hakuna aliyenionya. Zamu yangu ya upatu ilifika Machi, dola 4,000 taslimu, nikaziweka benki nikijisifu. Anayepitia maombi hutaka taarifa za akaunti za miezi miwili, na kiasi chochote kinachozidi nusu ya kipato chako cha mwezi lazima kielezwe kilikotoka. Jaribu kumweleza Mmarekani kibati cha watu kumi wanaoaminiana, bila mkataba wala risiti, mweka hazina akiwa mama mmoja mwenye daftari la shule. Nilieleza mara mbili. Mwishowe niliziacha zikae mpaka zikatoka kwenye miezi miwili inayotazamwa, na tarehe ya kusaini ikasogea.

Kwa hiyo omba zamu yako mapema, angalau miezi mitatu kabla ya kupeleka maombi. Ndugu akikuchangia, iwe kwa njia ya benki na barua ya zawadi inayosema haitarudishwa. Na hata zile dola 1,188 utatakiwa kuonyesha zilitoka wapi.

Hatua ya 8: Baada ya kulipa

Subiri siku 30 hadi 45, kisha chukua tena ripoti tatu. Kama salio halijasoma sifuri, wapelekee mashirika nakala ya barua na risiti ya posta. Ukiwa tayari ndani ya maombi na muda ni mfupi, ofisa mikopo anaweza kuagiza marekebisho ya haraka ya alama yanayochukua siku chache. Wewe mwenyewe huwezi kuyaagiza. Kampuni ikikaidi, lalamika kwa ofisi ya serikali kuu ya ulinzi wa walaji kwenye consumerfinance.gov, au kwa mwanasheria mkuu wa jimbo.

Kisha kodi. Kiasi ulichosamehewa kikifika dola 600, tarajia fomu 1099-C, na serikali hukihesabu kama kipato. Mimi nilisamehewa 1,452. Kwa kiwango cha asilimia 12 ilikuwa dola 174. Kama siku ya kusamehewa madeni yako yote yalizidi mali zako zote, fomu 982 inaweza kukuondolea mzigo huo. Mkumbushe anayekujazia kodi, usingoje akuulize.

Barua ya maelezo kwa benki iwe fupi. Yangu ilikuwa na sentensi tano: nini kilitokea, lini, kwa nini hakitarudia, kimemalizwaje, na viambatisho. Niliweka nakala za tiketi ya ndege na cheti cha kifo cha baba. Usiandike tenzi.

Kuanzia hapo mpaka siku ya kusaini usifungue kadi mpya, usikope gari, usimdhamini shemeji. Benki huangalia ripoti tena dakika za mwisho.

Wanaouza usafi

Utakutana na watu, wakiwemo wa kwetu, wanaotaka dola 800 za mwanzo "wakusafishie" ripoti. Sheria ya mwaka 1996 inakataza kampuni za kurekebisha mikopo kuchukua pesa kabla ya kumaliza kazi walizoahidi. Hakuna wanachoweza kufanya kihalali ambacho huwezi kukifanya kwa stempu na bahasha. Ukitaka mtu wa kukushika mkono, washauri wa nyumba waliothibitishwa na HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, ni bure au kwa gharama ndogo: 800-569-4287.

Tulisaini Agosti 2023. Barua ya mapatano, nakala ya hundi na risiti ya posta niliziweka kwenye faili moja na hati ya nyumba. Mwaka juzi kampuni nisiyoijua iliniandikia ikidai dola 1,452, zilezile nilizosamehewa. Inaonekana salio lile liliuzwa kimakosa kwenye kifurushi na mengine. Niliwatumia nakala ya ukurasa mmoja, ule wenye maneno "wala mtu mwingine", kwa barua ya rejista. Hawajaandika tena, na faili bado liko kabatini.